Siku Nilipomfunga Musa Bandeji

Kila mtu wa kanisa letu hapa Arlington anajua kisa hiki kwa namna yake, na katika namna nyingi mimi natoka vibaya kuliko ilivyokuwa, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe niliyeaibika.

Musa alikuwa mti. Naanza hapo kwa sababu siku ile sikuanza hapo.

Alikuwa maple, ule mti wenye majani kama kiganja, na mume wangu, Baba Edu, aliupanda nyuma ya nyumba mwaka tuliohamia. Jua la Texas haliupendi mti huo, ikifika Agosti majani yanaungua pembeni yanakuwa kama karatasi kuukuu, lakini Baba Edu aliumwagilia kila asubuhi kabla ya kazi, akaufunika mizizi kwa maganda ya miti, na joto likizidi akautundikia shuka upate kivuli (shuka langu zuri), mpaka Novemba moja ukawaka mwekundu wote. Akauita Musa, kwa sababu ya kile kichaka kilichowaka moto. Nilimwambia Musa hakuwa kichaka, Musa ndiye aliyekuwa akikitazama. Hakujali. Basi nyumbani ikawa "Musa amekunywa maji?" na "mikono ya Musa imeongezeka," akimaanisha matawi, nasi tukazoea.

Februari moja Baba Edu akaenda Houston kikazi. Tawi moja lilikuwa linakwaruza dirisha la chumba cha kulala, na mimi ni nesi wa zamu ya usiku, nalala mchana. Alikuwa ameniambia tawi lingoje kiangazi atalikata mwenyewe. Nikaona tunangoja nini. Nikatoka kazini, hata yunifomu sijavua, nikachukua msumeno nikalikata.

Mti ukaanza kuvuja maji. Tone, tone, tone, kama dripu ambayo mtu amesahau kuipunguza. Nikangoja yakome, hayakukoma. Sasa mimi nimesomea binadamu, kwa hivyo nikafanya ninachokijua, nikaleta sanduku la dawa, nikapaka ayodini, nikafunga bandeji nikakaza. Ikalowa. Nikafunga nyingine juu yake. Ilikuwa kazi safi, nasema hivyo kama mtu wa taaluma.

Nikamkumbuka Baba Wambui, ambaye alifanya kazi kwenye bustani ya kuuza miche kule Irving. Nikapiga simu kwao, hakukuwa na mtu, ile mashine ikaniambia niache ujumbe. Mkewe, Mama Wambui, ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Ujumbe wenyewe naukumbuka neno kwa neno, kwa sababu baadaye ulichezwa mbele ya watu:

"Mama Wambui, ni Grace. Tafadhali nipigieni. Nimemkata Musa mkono. Nilidhani ni kitu kidogo, lakini anavuja, nimemfunga bandeji mara mbili na haishiki. Usiambie mtu, Baba Edu akijua ataniua. Wacha nilale kidogo."

Kisha nikachomoa simu, kama nifanyavyo kila siku, nikalala vizuri sana.

Lazima niseme pia kwamba wiki hiyo tulikuwa na mgeni, mdogo wa mume wangu, aliyetoka Nakuru. Kanisani walisikia amefika lakini jina hawakulijua. Anaitwa Stephen. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kutembea, akitafuta watu wengine wanaotembea.

Niliamshwa na mlango kugongwa. Nikafungua nikiwa na gauni la kulalia na kitambaa kichwani. Mbele yangu Mama Wambui, nyuma yake pasta, akina mama wamebeba sufuria, na nyuma yao polisi.

"Grace," Mama Wambui akasema polepole, "Musa yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya nyumba."

"Umemwacha nje?"

"Sasa nikimleta ndani nitamweka wapi?"

Mama mmoja akakaa chini pale mlangoni.

Polisi akaniuliza kwa Kiingereza kama Musa bado yuko hai. Nikalifikiria swali hilo (bado nilikuwa na usingizi) nikamjibu kwamba wakati huu wa mwaka ni vigumu kujua. Akaniambia nitoe mikono aione, nitangulie, nisiharakishe. Hapo ndipo usingizi uliponitoka, nikaona leseni yangu ya unesi ikienda zake.

Tukazunguka nyumba kwa mstari, pasta akiomba, majirani wakitazama juu ya ua. Tukafika. Mti umesimama na bandeji yake, imegeuka rangi ya damu iliyokauka kwa ile ayodini.

"Musa ndiye huyu," nikasema.

Mama Wambui akautazama juu mpaka chini. "Huu ni mti."

"Ni maple," nikasema, na mpaka leo sijui kwa nini niliona hilo linasaidia.

Stephen naye akaingia kwa lango la pembeni na soda yake. Mama mmoja akamwendea, akamshika mikono yote miwili, akaipapasa mpaka mabegani. Stephen alidhani ndivyo watu wa Texas wanavyosalimiana.

Polisi alikuwa mtu wa kaskazini mwa Marekani. Akasema kule kwao maple ikikatwa mwishoni mwa baridi lazima ivuje, watu hukinga ndoo wapate maji yake matamu, na haiumii, ila nitoe bandeji kidonda kipate hewa. Akaniuliza nafanya kazi hospitali gani. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeweka akilini asipelekwe huko.

Chakula kilikuwa kimeshaletwa, kwa hivyo tulikula. Mama Wambui alinijulisha kwamba alikuwa ameshampigia Baba Edu. Jua likielekea kuzama gari lake likaingia, ametoka Houston bila kusimama. Akapita wageni, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mti, akaweka kiganja juu ya jeraha.

"Pole, Musa," akasema.

Mimi sikuongeleshwa mpaka Jumapili.

Sijashika msumeno tena. Maple ukitaka kuikata, ngoja majani yatoke yakomae. Na ukimwachia Mama Wambui ujumbe, anza na neno mti.