Siku Nilipokimbia na Daftari la Wazee

Harufu ya dawa ya maji hunipanda puani kila vijana wangu wanapoosha matangi ya kiwanda changu cha barafu, nami hucheka peke yangu. Niliishia darasa la nne, na leo wenye vyeti hapa Bagamoyo wanakuja kwangu kuomba kazi. Basi nikwambieni: ujasiri huu sikuununua dukani. Niliuanza nikiwa na miaka tisa, mwaka ule wa kipindupindu.

Kisima chetu kilikuwa kimeshaua majirani wawili. Serikali ya mtaa ikaleta dawa ya maji, sabuni na ndoo zenye mfuniko, wazee kwanza. Sharti lilikuwa moja: mzee aje mwenyewe ofisini, atie dole gumba daftarini. Na bibi yangu, aliyenilea, alikuwa edani. Babu tulikuwa tumemzika mwezi ule ule. Kwake yeye, mjane kuvuka kizingiti kabla ya miezi minne na siku kumi lilikuwa jambo lisilozungumzika.

"Kama ni kufa, nitafia ndani ya eda yangu," akasema, huku anakunywa maji yale yale.

Nikaenda mimi. Karani, kijana wa miguu mirefu, hata uso hakuinua.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Aje mwenyewe, au asubiri eda iishe."

"Na kipindupindu nacho kitasubiri eda iishe?"

Foleni nzima ya wazee ikaangua kicheko. "Mjibu mwenzio, karani!" akasema mmoja.

"Mtoto gani huyu, mdomo kama cherehani!" akafoka karani.

Nikanyakua daftari na kibati cha wino, nikatoka mbio. Nikakata uchochoro wa wauza mihogo, kuku wanaruka huku na huku, karani yuko nyuma yangu anapiga kelele, "Mwizi wa mali ya serikali!" Hakunipata, wallahi.

Alipofika barazani kwetu anahema, nilikuwa nimeshalipitisha daftari chini ya pazia la mlango.

"Shikamoo, bibi," akaamkia karani.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikatoka ndani. "Dole langu hilo, limeshakauka. Ndoo iko wapi? Ndivyo mnavyokuja msibani siku hizi, mikono mitupu?"

Kabla adhuhuri haijaadhiniwa ndoo ikafika, kichwani kwa karani mwenyewe. Kesho yake akaonekana akipita nyumba kwa nyumba, kwa wajane na wazee wasiojiweza, daftari kwapani. Bibi akamaliza eda yake mzima.

Miaka mingi nilijigamba kuwa nilimshinda mbio. Mpaka nilipopata watu wa kuwaamrisha mwenyewe ndipo nikaelewa: miguu mirefu ile isingeshindwa kumkamata mtoto aliyekumbatia daftari pana kuliko kifua chake. Karani alikuwa amefungwa na amri ya wakubwa, anatafuta sababu ya kuinuka kitini. Sababu nikampa mimi.

Samahani siombi, hata leo. Anayetaka kunishtaki kwa wizi ule na aje. Nyumba yangu anaijua kila mtu.