Mkanada na Firigisi ya Baba

Nilirudi London kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na asubuhi moja, wenzangu wakiwa bado wamelala, miguu ikanipeleka yenyewe mpaka sokoni Walthamstow. Wewe uliyekulia mtaa wenye soko unanielewa: huendi kununua, unaenda kusikia kelele. Mwenye bucha alikuwa amepanga firigisi za kuku kwenye sinia, rundo zima, kama vitu visivyo na mwenyewe. Nikasimama kuzitazama. Akaniuliza natokea wapi, maana Kiingereza changu siku hizi kimepinda. Nikamjibu kwamba natokea Kanada. Nilipojisikia nikilitamka neno hilo, wivu wa utotoni ukanipanda kooni kama kiungulia.

Nyumbani kwetu, miaka ile ya tisini, kuku alikuwa wa Jumapili na firigisi ilikuwa ya baba. Mama alifanya kazi katika nyumba ya wazee, na Jumapili alirudi mchana akinukia sabuni ya hospitali. Bibi, mama yake mzazi, ndiye aliyetawala jikoni. Alikaanga vitunguu mpaka madirisha yakatoka jasho, akapika wali kwa tui la kopo huku akililaani lile kopo. Chakula kikishaiva, firigisi iliwekwa pembeni ya sahani ya baba. Baba aliing'ata nusu, akatafuna polepole, kisha bila kunitazama akanitupia nusu iliyobaki sahanini kwangu. Hakumpa kaka, hakumpa mdogo wangu. Alinipa mimi. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo.

Baba alikuwa dereva wa basi. Wiki nzima alibeba watu wasiomsemesha, lakini Jumapili watu walikuja kumsikiliza yeye. Alikalia kochi la mtu mmoja karibu na dirisha, akaeleza habari za dunia: nani anaongoza, nani anadanganya, kwa nini bei ya nauli imepanda. Jirani yetu Mkongomani, aliyekuwa akingojea ruhusa ya kuishi nchini, hakukosa hata mara moja. Mimi nilikaa chini, mgongo wangu ukigusa magoti ya baba, nikidhani hakuna mtu duniani ajuaye mengi kuliko yeye.

Kisha akaja mjomba.

Alikuwa mdogo wake mama. Alikuwa ameishi Kanada miaka mingi, amepata na pasipoti ya huko, na sasa kampuni yake ilikuwa imemleta London kwa mwaka mmoja. Alifika na sanduku kubwa na koti zito lililochukua nafasi ya makoti yetu yote pale mlangoni. Watu wa mtaani hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Mkanada, na yeye alilipenda jina hilo. Alipewa chumba changu. Mimi nikahamia kitanda cha bibi, nikalala nimebanwa na ukuta huku bibi akikoroma kwa furaha ya kurudishiwa mwanawe.

Chumba ningekisamehe. Lakini Jumapili ya kwanza Mkanada alitoka bafuni akinukia manukato, akaingia sebuleni, akakalia kochi la baba. Hakujua. Baba alisimama kidogo mlangoni, kisha akavuta kiti cha mbao na kukaa karibu na jirani. Mama aliona. Bibi aliona.

Na Mkanada alijua kusema, rafiki yangu. Alisema Waingereza wanakuomba radhi ili usogee, ila Wakanada wanakuomba radhi hata kama ni wewe uliyewakanyaga. Alisema London unaweza kukaa miaka bila kumjua jirani, lakini Kanada theluji itakulazimisha, maana siku gari lako likizama utamhitaji mwenye koleo. Alisema siasa za kule ni za polepole, watu wanabishana kama wanaopokezana chumvi mezani. Jirani Mkongomani alicheka mpaka akafuta machozi. Mama alicheka. Nilimwangalia baba, naye pia alikuwa anacheka, nikahisi kama nimesalitiwa.

"Kule kwetu," Mkanada alikuwa akianza kila habari, "kule kwetu mambo si hivi."

Baba akamwuliza, "Kwetu ipi hiyo, shemeji? Morogoro?"

"Kanada, shemeji."

"Aa," baba akasema.

Mchana huo bibi alipakua. Nilikuwa nimeshika sahani yangu nikingoja. Niliiona firigisi ikitoka kwenye sufuria, ikapita juu ya sahani ya baba, ikatua kwenye sahani ya Mkanada. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," bibi akasema. Mkanada aliila yote kwa mpigo mmoja huku akieleza habari za waziri fulani. Hakuacha hata kipande. Sikumtazama baba. Nilitazama wali wangu mpaka ukapoa.

Hivyo ndivyo zilivyokwenda Jumapili zetu majira yote ya baridi. Baba alipenda kuwatania wageni wa watu wengine kwa ule usemi wa mgeni kupewa jembe siku ya tatu, lakini kwa Mkanada hakuutamka. Hata safari ya mtaa wa Kenton, kwa yule Mhindi muuza unga aliyezaliwa Tanga na aliyempokea baba kwa Kiswahili chake kizuri, safari iliyokuwa yangu na baba, sasa walikwenda yeye na Mkanada. "Wewe baki umsaidie bibi," baba aliniambia. Walirudi na unga wa sembe na vicheko ambavyo sikuelezwa vilitokana na nini.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Shule yangu ilifungwa ili watu wapigie kura ukumbini, nami nilikuwa nyumbani baba alipojiandaa. Alipiga shati pasi kama anakwenda kanisani. Sisi watu wa nchi zilizotawaliwa na Mwingereza tuliruhusiwa kupiga kura hata bila pasipoti yake, na baba alikuwa amemwandikisha Mkanada pamoja na wakubwa wengine wa nyumba.

"Shemeji, twende," baba akasema.

Mkanada alikuwa kochini na kikombe cha chai. "Mimi ni mpita njia, shemeji. Siwezi kumpangia mwenye nyumba viti vyake wakati nalala tu na kuondoka."

Jirani Mkongomani alikuwa ameegemea mlango. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kucheka. Safari hii hakucheka. "Weye uko na ruhusa, unaikataa," akasema polepole. "Miye niko hapa na watoto wangu, nangojea kila siku. Mwenye kuchaguliwa leo ndiye atasema kama nitabaki ama nitarudishwa. Ile sanduku ya kura iko karibu na nyumba yangu, na mkono wangu haiwezi kuigusa."

Nilimtazama Mkanada kwa hamu kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikosa neno, na nilifurahi kama mtu aliyelipiwa kisasi. Aliweka kikombe chini, akamwambia jirani, "Nisamehe, kaka," akaenda kuvaa koti lake.

Tulikwenda watatu: baba, Mkanada na mimi. Nilidhani atatembea ameinamisha kichwa. Kumbe tulipofika kona, baba alimshika bega, Mkanada akasema jambo kwa sauti ya chini, na wote wawili wakaangua kicheko kile cha watu waliokwisha kuelewana. Mkono wa baba, uliozoea kunishika tukivuka barabara, ulikuwa begani kwa Mkanada. Nilivuka peke yangu.

Siku chache baadaye nilikuwa nikichambua mchele na bibi, Mkanada akaja kusimama jikoni. "Mama," akasema, kana kwamba mimi sipo, "namwonea wivu shemeji. Watu wanagonga mlango wake. Kule nilikuwa narudi kazini nabishana na televisheni." Bibi akaacha mchele, akamshika mashavu, akalia. Ungetegemea moyo wangu ulainike. Haukulainika. Nilifikiri tu kwamba sasa hata huruma ya bibi imekuwa yake.

Jumapili ya mwisho kabla Mkanada hajarudi kwao, bibi aliirudisha firigisi kwa baba. Niliiona ikitua, nikasogeza sahani yangu karibu. Baba akaing'ata nusu, akatafuna, kisha akanyoosha mkono juu ya meza na kumwekea Mkanada nusu iliyobaki. Mkanada alitazama kile kipande muda mrefu, machozi yakamlengalenga. Yangu pia, ila kwa sababu nyingine.

Alipoondoka nilirudishiwa chumba, na Jumapili iliyofuata nilirudishiwa nusu yangu. Niliila. Baba hakuwa akinitazama. Alikuwa akitazama kochi, ambalo sasa hakulikalia mtu. "Mkanada angesema nini juu ya hili?" aliuliza kila habari ilipotangazwa. Jirani alipata ruhusa yake akahamia mji mwingine. Bibi alitutoka, kisha baba. Nyumba ile sasa ina watu wengine na mlango wa rangi nyingine, na watoto wa kaka yangu wakisalimiwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, kwa heshima na haraka.

Mimi nilikwenda Kanada kusoma na nikabaki. Usiniulize sana kwa nini. Labda nilitaka kukiona kilichompa mtu yule maneno yote yale. Mjomba ni mzee sasa, anaishi peke yake si mbali nami, na siku za mapumziko mimi humpelekea chakula. Ananihadithia jinsi siku zake za mapumziko alivyokuwa akipanda basi la baba, akikaa kiti cha mbele, wakienda mpaka mwisho wa njia na kurudi. Ananieleza baba alisema nini juu ya mama yangu, alivyokuwa akiimba foleni ikikwama, alivyoogopa kuzeekea ugenini. Sikuwahi kumsikia baba akiimba. Mtu huyu ana baba ambaye mimi sikupewa, na akifa atakwenda naye.

Basi namjazia chai, nakaa chini karibu na miguu yake. Wivu unaniuma kama zamani, nami namwambia, "Endelea, mjomba."