Shemeji wa Ndani ya Friji

Fundi friji alimpata nyoka wake kazini, kama wengine wanavyopata kikohozi. Mteja alileta friji bovu, fundi akafungua nyuma, na pale kwenye kompresa, palipokuwa na joto kidogo bado, chatu mchanga alikuwa amejikunja kama mpira wa kumwagilia bustani. Mteja alitoka mbio na mpaka leo hajarudi kudai friji. Fundi, ambaye alikuwa amemzika mkewe mwezi ule ule, akakata mlango wa friji lile, akatia kioo, kufuli na balbu. Mashine iliyotengenezwa kugandisha nyama ikawa ndiyo sehemu yenye joto kuliko zote nyumbani mwake.

Nyoka alipewa jina na mama mwenye nyumba: wifi alikuwa marehemu, huyu akawa Shemeji.

"Kaka, shemeji keshakula?" aliuliza kila asubuhi kutoka mbali, ufagio kaushika kama bunduki.

"Kala panya juzi. Njoo umsalimie."

"Nimsalimie mimi nina wazimu? Nifikishie tu!"

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi ya fundi ya siku nzima, ukiondoa aliyoongea na Shemeji mwenyewe, ambaye angalau hakumkatiza.

Kisha serikali, ambayo haikuwahi kuuliza kama fundi yu hai, ikaanza kuulizia nyoka wake. Hakuna tena kufuga chatu bila kibali. Fundi akafunga karakana, akajipeleka mwenyewe ofisi ya wanyamapori. Afisa akaanza kuuliza. Sanduku lenye kufuli? Lipo. Joto la kutosha? Hapo alicheka. Mtu mzima wa pili, anayeishi nyumba hiyo hiyo, wa kumtunza nyoka fundi akiugua?

Mdomo ukatangulia kichwa. "Mke wangu."

"Vizuri. Tutakuja kumwona. Bila mtu wa pili, tunaondoka na nyoka."

Siku ya ukaguzi fundi alipanga viatu vya marehemu mlangoni, akaandaa vikombe viwili vilivyotumika, kimoja akakinywea upande wa kulia, cha pili upande wa kushoto. Afisa akaja na gunia lake na kofia mpya yenye nembo, akalikagua friji, akalisifu.

"Mama yuko wapi?"

"Katoka, mkuu. Anarudi sasa hivi."

"Basi namsubiri."

Lahaula! Fundi hakuwa amejiandaa kwa mtumishi wa umma mwenye subira. Akachemsha chai. Afisa akavua kofia, akaiweka kitini kwa uangalifu. "Hii ukiipoteza, mzee, ofisini utajieleza mpaka ukauke mate." Akasimulia habari za bosi wake, fundi akasimulia kompresa zote alizowahi kuzifufua, wakacheka, chai ikachemshwa tena. Fundi alikuwa amesahau kwamba kiti cha pili kilikuwa kinalia ukikikalia. Akatamani mkewe achelewe zaidi.

Jua lilipofika dirisha la nyuma, afisa aliinama kuokota kijiko, macho yake yakaangukia vile viatu. Ndani ya kimoja buibui alikuwa amejenga, na kwa kuutazama utando wake, hakuwa mpangaji wa jana.

"Mzee," alisema taratibu, "mama katoka lini?"

Fundi akageuza kikombe mkononi. "Nyoka huyu nilimpata mwezi ule ule."

Afisa akakirudisha kijiko kikombeni. "Sheria siyo yangu, mzee. Atakaa kwetu mpaka upate mtu wa kuishi naye hapa."

"Kituoni kuna joto?"

"Joto lipo."

"Anapenda kichwa kiwe upande wa balbu."

Shemeji aliingia guniani bila hata kugeuka nyuma, kama wageni wote. Uani, mama mwenye nyumba aliliona gunia, ufagio ukamshuka mkononi. "Kaka, hata kuaga jamani!" Kisha akaingia kwake na kufunga mlango.

Fundi aliporudi ndani aliikuta kofia pale kitini. Kupitia dirishani, afisa bado alionekana akitembea polepole na gunia, kichwa wazi. Sauti moja tu ingetosha kumwita.

 Fundi akaitia kofia ndani ya friji, karibu na balbu, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akaenda kuosha vikombe viwili.