Ngazi ya Mwinga Ukutani kwa Jumwa

Saa mbili asubuhi, Kinondo. Mwinga Chirau ameketi chini, anakunja majani ya mnazi juu ya kijiti na kuyashona, kuti baada ya kuti. Vidole havipumziki, wala mdomo.

"Nikaona. Nikasikia. Nikaona tena," anasema. "Hiyo 'ka' ndiyo inayomuua dada yangu."

Mwinga, miaka hamsini na minne, hushona makuti ya kuezekea hoteli za Diani. Jumapili huwasomea waumini Maandiko katika kanisa dogo la mabati. Miaka kumi na miwili iliyopita alifundisha maono ya Yohana: mihuri saba, baragumu saba, vitasa saba vya ghadhabu. Akachora ngazi ya vidato ishirini na kimoja, kila tukio na kidato chake, kwenye karatasi ya manila, akampa dada yake, Jumwa, aishiye Msambweni.

Alikosea, na anakiri bila kujitetea.

"Mtu akisema 'nikaenda sokoni, nikanunua samaki', twajua kimoja kimefuata kingine. Nami nikasoma hivyo hivyo. Kumbe kilichofuatana ni kuona kwake Yohana, si mambo yenyewe. Mbingu zakunjwa kwenye muhuri wa sita, kisha mwisho wafika tena kwenye baragumu la saba. Dunia yaisha mara ngapi?"

Anapanga makuti mawili, moja likilifunika jingine nusu. "Mihuri, baragumu, vitasa: safu ni nyingi. Paa ni moja."

Aliyaelewa hayo akiwa juu ya paa la watu, akiezeka. Alikuwa amechelewa. Mwaka jana mhubiri mmoja wa mtaani aliiona ile ngazi kwa Jumwa, akaweka kidole kwenye kidato cha kumi na tisa. "Tumefika hapa," akasema.

Jumwa ana kisukari. Akaacha sindano: dawa ya nini, ikiwa vimebaki vidato viwili? Amekwisha kukatwa vidole viwili vya mguu, na jeraha halikauki.

Mwinga alipokwenda kumweleza, Jumwa alimsikiliza kwa adabu, akamwandalia chai, kisha akamwonyesha ile ngazi ukutani.

"Kaka, huu si mwandiko wako?"

Hata kumtazama Mwinga akisimulia kunauma.

Jumamosi anarudi. Jiko la Jumwa linavuja, naye ataliezeka upya, dada yake akiwa ameketi chini anamkabidhi makuti.

"Tukimaliza safu tatu nitamwuliza, 'Dada, tumeezeka mapaa mangapi?' Akisema moja, twaenda hospitali papo hapo, na vumbi letu kichwani."

Na akisema matatu?

Mwinga anakunja jani jingine.

"Nitaezua, nianze tena."