Mama Hakushuka Garini

Saa mbili kasorobo asubuhi mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kitenge chake kipya amekitandaza magotini kisijikunje, mkoba kifuani. Tulikuwa nyumbani kwake Runazi, tayari kwa safari ya Bukiriro, kule Ngara, ambako mdogo wake alikuwa anaozesha binti wa mwisho. Nikazungusha ufunguo. Gari likasema "tak", likanyamaza. Taa za dashibodi zilififia kama mtu anayesinzia, nilipoachia ufunguo zikafumbua macho tena.

Nikajaribu mara ya pili. Tak.

"Gali limekataa?" mama akauliza. Kwake r na l ni ndugu, hubadilishana nafasi wanavyotaka.

"Linafikiria," nikamjibu.

Gari lenyewe limenizidi umri. Ni gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa, alilolinunua marehemu baba likiwa tayari mtumba, akalitunza kuliko alivyotutunza sisi watoto. Baada ya msiba ndugu wote walitaka liuzwe. Mimi nikasema nitalihudumia. Mama alikuwa amempigia mdogo wake simu wiki nzima kumwambia kwamba hatakuja na basi wala pikipiki, anakuja na gari la shemeji yake. Kwa hiyo nilipomshauri ashuke apumzike ndani wakati natafuta tatizo, alinitazama kama nimemwambia avue nguo.

"Majirani wameniona nikipanda," alisema. "Nikishuka watasema nini?"

Hapo niseme jambo ambalo halinipi sifa. Mimi nafundisha fizikia sekondari, mjini Biharamulo. Kila mwaka nachora ubaoni betri, swichi na balbu, nawaambia wanafunzi kwamba umeme lazima uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi, na anayekosea namchorea alama ya mkasi kwa wino mwekundu. Nikafungua boneti kwa ujasiri huo. Injini ilikuwa inang'aa. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeiosha, nikafungua waya na vibano kadhaa, nikapaka rangi ya fedha iliyobaki nilipopaka geti, kisha nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilitaka watu wa Bukiriro wakiomba kuona injini, waone injini. Nikakaza vichwa vya betri. Nikapiga honi, ikalia vizuri. Nikawasha taa kubwa, zikawaka kama mchana mwingine. Nikazungusha ufunguo. Tak.

Kusukuma hakukuwezekana. Uwanja wetu uko bondeni, barabara iko juu. Nikampigia simu fundi umeme wa magari, mzee wa mjini ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kuuza nguo akasahau kurudi. Alifika kwa bodaboda, amepakata betri ya akiba mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, mzee," nikamsalimu.

"Marahaba, mwalimu. Mgonjwa yuko wapi?" Kisha akamwona mama garini. "Habari za asubuhi, mama. Samahani, nitafanya kazi ukiwa umo humo?"

"Fanya tu, mzee wangu. Mimi sikusumbui."

Alianza kwa kubadilisha betri. Tak. Akasugua vichwa vya waya kwa msasa. Tak. Akajilaza chini, akaigonga stata, ile mota ya kuwashia injini, taratibu kwa mpini wa spana huku mimi nikizungusha ufunguo, kwa sababu stata za zamani huamka zikigongwa. Hiyo haikuamka. Akachomeka taa yake ndogo ya kupimia, akaniambia umeme unafika mpaka kwenye stata bila wasiwasi.

"Basi stata imekufa," alisema. "Tuifungue niende nayo mjini."

Wakati huo mama alikuwa ameletewa chai garini. Majirani walipita mmoja mmoja, wakamsalimia dirishani.

"Bado hamjaondoka?"

"Tunaondoka," alikuwa akijibu, akishusha kikombe kwa heshima zote. Mwishowe akaanza kuwauliza yeye habari za watoto wao, wakawa wanakaa. Nilihesabu watu watano waliopokewa pale kiti cha mbele kama ofisini.

Kabla ya kufungua stata, fundi aliniomba nizungushe ufunguo mara moja zaidi, niushikilie bila kuachia. Nikaushikilia. Mama alikuwa ameegemea mbele, mkono wake kwenye kirungu cha choki, kile ambacho baba alimwachia avute kila asubuhi ya baridi. Ndiyo ilikuwa kazi yake ndani ya gari lile miaka yote.

"Hii mbona ina moto?" akauliza, akitikisa vidole.

"Nini, mama?"

"Hii ya kuvuta. Inaunguza."

Nikaigusa. Kweli, ilikuwa ya moto kama kishikio cha sufuria. Fundi akaja, akaigusa, akanitazama. Nami nikamtazama. Choki ni waya wa chuma unaotoka dashibodi kwenda kwenye injini. Haina biashara yoyote na umeme.

"Mwalimu," akasema polepole, "ile rangi ya injini alipaka nani?"

Nilijua kabla hajamaliza. Injini imekalia mpira. Ili umeme wa stata urudi kwenye betri, kuna waya mpana uliosukwa, unaoiunganisha injini na bodi, ambako hasi ya betri imefungwa. Waya huo niliufungua mwenyewe, nikapaka rangi mahali unapokaa, pande zote mbili, tabaka mbili, nikaukaza juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Umeme ulikosa njia ya kurudi, ukajipenyeza kwenye choki, ambayo kwa wembamba wake ikabaki kupata joto tu.

Fundi hakucheka, nashukuru. Alichukua waya wa kuazimia moto, ule wa kuvuta umeme kutoka betri ya gari jingine, akaubana kwenye hasi ya betri upande mmoja, upande wa pili akauminya kwenye chuma kitupu cha injini. Nikazungusha ufunguo. Injini ikawaka mara moja, kwa ile sauti ya asubuhi za enzi za baba.

Mama akafunga dirisha lake. "Twende," akasema.

Ilitubidi kwanza tukwangue rangi. Mimi ndiye niliyekwangua, fundi akisimama na kunielekeza kwa upole uliozidi: "Hapo bado kidogo, mwalimu. Chuma king'ae." Mama aliwaeleza majirani kwa Kisubi, lugha ya kwetu. Sikusikia yote, ila nilisikia neno fizikia, kisha vicheko.

Tulifika Bukiriro saa tisa hivi. Watu walikuwa wameshakula na hotuba zimebaki mbili. Mama mdogo alitoka mbio kutupokea, lakini badala ya kumshusha dada yake alifungua mlango wa dereva, akaniomba nimpishe, akakaa nilipokuwa nimekaa. Alishika usukani kwa mikono miwili. Hajui kuendesha.

"Shemeji alikuwa anakaa hivi," alisema.

"Alikuwa anaegemea zaidi," mama akamrekebisha.

Wakaanza kuongea lugha yao, chini chini, wakicheka, wakipapasa dashibodi, wakicheka tena. Mtu alikuja kuniambia mama wa bibi harusi anatafutwa, kuna picha. Nikamwambia asubiri kidogo, nikaenda kutafuta chakula.