Kipanya Bubu cha Bonifasia

Bonifasia alikuwa mtu wa kumchosha muuza duka. Nilikuwa dereva wake mwaka ule wa 2015, Warundi walipoanza kumiminika tena Ngara, kwa hiyo nina haki ya kulisema hili. Angeweza kusimama mbele ya fungu la nyanya akazigeuza moja baada ya nyingine, huku mimi nimewasha gari na watu wanatusubiri mpakani. Ukimhimiza anakwambia, "Emilian, wewe endesha, mambo ya kuchagua niachie mimi." Basi unazima gari, utafanya nini.

Alikuwa binti wa wakulima wa Kirushya, watu wa migomba na maharage na misa ya kwanza kila Jumapili. Alisoma Rulenge, akajifunza kuchapa, akachumbiwa na mwalimu mmoja aliyehamia Mwanza na kusahau njia ya kurudi. Mwaka wa tisini na nne, alipokuwa msichana mdogo, wakimbizi wa Rwanda walilala jikoni kwao. Asubuhi moja akaamka akakuta wameondoka, na hakuwa amemwuliza hata mmoja jina lake. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Nadhani ndiyo maana shirika la kuhudumia wakimbizi lilipotangaza linataka watu wa kuandika majina ya wanaoingia, wa kujua Kihangaza, lugha ya kwetu Ngara, maana mwenye Kihangaza husikilizana na Mrundi, yeye alikuwa wa kwanza mlangoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuzunguka. Leo Kabanga, kesho kijiji fulani cha mpakani ambako watu wamevuka kwa njia za panya, keshokutwa tumerudi kituo cha mapokezi. Kompyuta aliyopewa ilikuwa imechoka kuliko gari langu. Kile kibao cha kupapasa kwa kidole kilikuwa kimekufa kwa vumbi, kwa hiyo alitegemea kipanya cha waya, kikubwa kama sabuni ya mche iliyokatwa, waya wenyewe umefungwa plasta ya kidonda. Kilihitaji meza, na meza hatukuwa nayo. Aliandikia magotini, juu ya gunia, na siku moja juu ya mgongo wa benchi la kanisa.

Tena kilikuwa na kelele. Akibonyeza kinalia "kta!", na watoto waliotoka kwenye risasi walikuwa wakiruka. Pale Kabanga kitoto kimoja kilijikojolea mapajani mwa mama yake kwa sababu ya mlio ule. Bonifasia aliomba radhi kana kwamba amempiga.

Watu wazima, hata hivyo, walikuwa wameuzoea mlio kwa namna yao. Mtu akitaja jina lake, Bonifasia akaandika na kubonyeza, wale wa kwenye foleni walinong'ona "yitavye", yaani imeitika. Kwa mawazo yao wewe unaita, kompyuta inaitika, basi umepokelewa. Tulicheka, tukadhani ni utani wa watu waliochoka.

Kituoni kulikuwa na mwanamke aitwaye Agripina. Alivuka na binti yake mchanga mgongoni, mama yake akabaki nyuma kilimani kwao, kwa ahadi kwamba atafuata na majirani. Tangu siku hiyo Agripina hakutaka kupanda basi la kwenda kambini Kibondo. Alikuwa anasema akiondoka, mama atafika aambiwe hayupo, na mama haoni vizuri, atampata wapi tena katika umati ule? Mkuu wa kituo alimvumilia mpaka akachoka. Akamwambia basi la Ijumaa ni lazima, mama awe amekuja au hajaja.

Kila asubuhi Agripina alikuja kushika mlango wa gari langu.

"Dada, leo mnakwenda wapi?"

"Leo Kabanga," Bonifasia anamjibu.

"Ukimwona anaitwa Scholastika. Ana ukungu mweupe machoni na kovu la moto mkono wa kushoto. Usimsahau, dada yangu."

"Akipita mbele yangu hanipotei," Bonifasia alimwambia.

Jumanne ya wiki ile waya wa kipanya ukakatika kabisa. Tukaenda dukani kwa Bi Swabaha, pale Ngara mjini. Wazee wake walitoka Tanga zamani na biashara ya nguo, yeye akaingiza simu na vikorokoro vya kompyuta, ila lugha ya pwani hakuiacha.

"Shikamoo, mama," Bonifasia akasalimia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lipi limekuleta na jua hili?"

"Nataka kipanya kisicho na waya. Kidogo, cha safari na cha kazi."

Bi Swabaha akapanga vitatu juu ya kioo cha kaunta. Hapo nikajua siku imekwisha, nikavuta kigoda nikaketi.

Cha kwanza kilijaa kiganja vizuri, lakini kilivimbisha mkoba. Cha pili kilikuwa chembamba, chapendeza, ila kinachajiwa kwa umeme. Bonifasia akauliza, kikizima katikati ya kazi huko mpakani Mugoma kusiko na umeme, achaji kwa mwanga wa jua? Cha tatu kilikuwa kidogo, kinameza betri moja tu ya saa ya ukutani, na kile kidude chake cha kuchomeka kwenye kompyuta kinalala tumboni mwake kisipotee. Akakijaribu juu ya kioo, hakikwenda. Akakijaribu juu ya daftari, kikaenda. Akakiweka gotini juu ya kitenge alichovaa, kikateleza bila kuruka. Akabonyeza, akanyanyua uso.

"Mbona hakilii?"

"Hicho bubu," Bi Swabaha akasema. "Kimeundwa hivyo. Mtu afanye kazi mwenzake kalala."

Bonifasia akabonyeza tena, akakisogeza karibu na sikio lake kabisa. Nikamwona anatabasamu, na yeye hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo siku zile. "Watoto hawatashtuka tena," akaniambia. Nikamtania kwamba katafuta mume asiyejibu na hatimaye kampata. Bi Swabaha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Kesho yake, Jumatano, tukaitwa Mugoma. Watu walikuwa wamevuka alfajiri, wakawekwa kwenye darasa moja la shule ya msingi, foleni imefika uwanjani. Niliegesha gari nyuma ya vyoo kwenye kivuli. Bonifasia akaketi mbele, kompyuta magotini, kipanya juu ya daftari. Watoto kweli hawakushtuka. Kulikuwa kimya mle ndani hata ukasikia kuku wa jirani.

Kabla ya saa sita nikamwona anakuja mbio. Sikuwahi kumwona Bonifasia akikimbia.

"Kamlete Agripina!" akasema, akihema. "Yupo! Scholastika yupo mle ndani, nimeliona kovu kwa macho yangu."

"Umemwambia binti yake yuko kituoni?"

"Sijamwambia. Je, kama ni Scholastika mwingine? Nimtie furaha halafu nimvunje moyo? Nimemwambia asubiri tu. Agripina mwenyewe aje amshike. Nenda, mimi napanda pale juu penye mtandao nimpigie mkuu amruhusu."

Sikungoja. Niliendesha barabara ile ya vumbi kwa mwendo ambao shirika lingenifukuza kazi. Agripina alipoambiwa hakupiga kelele. Aliosha uso wa mtoto, akaosha wa kwake, akaingia garini. Njiani alikuwa anamsuka binti yake, Deodata, vinywele vifupi visivyoshikika, huku akimwambia kwamba bibi akikuta kichwa kile ataona aibu mbele za watu. Kisha akanieleza mama yake anavyopika mboga za maharage, anavyowasema wakwe, anavyokohoa kabla ya kusema uongo. Nilicheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na nilijisikia vizuri kama vile mimi ndiye niliyemleta mama mwenyewe.

Tulipofika Mugoma, Bonifasia alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono kichwani. Nikapunguza mwendo. Nilijua kabla sijazima gari.

"Hayupo," akasema. "Nimerudi nikakuta hayupo."

Agripina akashuka. "Yuko wapi?"

Aliyejibu ni mwanamke aliyeketi mlangoni mwa darasa, jina lake Ildefonsa, wa kilima kimoja na kina Agripina. Alikuwa nyuma ya Scholastika kwenye foleni. Alieleza bila kumtazama mtu, kwa Kirundi, na sote watatu tulielewa.

"Ndugu zetu waliotangulia walitupigia simu. Walituambia ukitaja jina, sikiliza. Mashine ikiitika, umepokelewa. Isipoitika, watakurudisha mikononi mwa wale uliowakimbia. Mama yako alitega sikio, maana macho hana. Ntiyitavye. Haikuitika. Wawili waliomtangulia nao haikuwaitika. Halafu dada huyu akamtazama mkono, akamwambia asubiri, akatoka mbio. Tukajua anakwenda kuita askari. Wale wawili wakamshika mkono wakatoka naye kwa nyuma, wakashuka migombani."

"Na wewe mbona umebaki?" nikamwuliza kwa hasira. Sijui kwa nini nilimkasirikia yeye.

"Mimi miguu imevimba," akasema.

Bonifasia alianza kueleza. Alisema kipanya ni kipya, kwamba hakilii, kwamba jina lilikuwa limeingia, lipo, angalia hili hapa. Alikuwa anaigeuza kompyuta kumwonyesha Agripina, mtu asiyejua kusoma. Nikamshika bega anyamaze.

Tuliteremka migombani tukiita. Nilifika hadi kwenye kijito, na ng'ambo yake ni Burundi, migomba ileile, udongo uleule. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za watu na matundu ya fimbo. Niliita "Scholastika" mpaka sauti ikakauka, huku nikijua fika kwamba sauti ya mwanamume anayeita jina lako porini ndiyo sauti ambayo mtu yule angeikimbia. Hilo nililijua, na bado niliita, kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Nilipopanda tena, Agripina alikuwa anafungua kitambaa cha mgongoni. Akamtoa mtoto, akamweka mikononi mwa Bonifasia.

"Nishikie."

"Agripina, usivuke. Nakuomba kwa jina la Mungu. Watakukamata."

"Mama haoni. Hawezi kufika mbali," akasema. "Naenda kumwambia kwamba imeitika."

Bonifasia alimshika nguo kwa mkono mmoja, mtoto kwa mkono mwingine. Agripina akautoa mkono ule taratibu, kidole kwa kidole, akashuka. Hatukuwa na amri ya kumzuia mtu kurudi kwao. Tulikaa pale hadi jua lilipozama, na wale wa darasani wakachukuliwa na gari jingine.

Alhamisi tukarudi Mugoma, hakuna. Ijumaa basi la Kibondo likaondoka. Watu waliovuka wiki zilizofuata waliulizwa mmoja mmoja, na hakuna aliyemwona mwanamke kijana wala bibi mwenye ukungu machoni. Bonifasia aliacha kazi kabla ya mwezi kwisha. Mkuu alimwambia kosa si lake, mimi nilimwambia hivyo, padri alimwambia hivyo. Alitusikiliza wote kwa adabu. Maneno yetu hayakumfikia popote.

Watu wa ustawi wa jamii walipotafuta ndugu wa mtoto wasipate, walimwachia Bonifasia amlee. Wako Kirushya, anapalilia migomba ya baba yake, haongei sana. Amekonda. Nikipita kuwajulia hali ananiletea kigoda na maji, kisha anarudi shambani na kuniacha na mtoto.

Mwaka huu Deodata ameanza shule. Juzi alikuja kuketi karibu nami, akaniuliza mama yake na bibi yake walikwenda wapi. Nikamwambia walivuka kijito. Akaniuliza watarudi lini. Nikamwambia sijui. Ni kweli sijui, na Bonifasia hajui, na siku hizi hata kubahatisha tumeacha.