Kishikwambi Ndani ya Eda

Zakia alikaa chumbani mgongo ukielekea mlango, masikio yakiwa uani. Kila aliposikia nyayo alikilaza kishikwambi mapajani. Alikuwa mwalimu wa sekondari hapa Mpanda miaka mingi, mwanamke aliyezoea kusimama mbele ya watu na kuwatazama machoni, na leo alijificha nyumbani kwake kwa sababu ya kitabu.

Alikuwa ndani ya eda. Mumewe Zubery, mwenye duka la vitambaa Makanyagio, alifariki kabla ya mvua kuanza, na tangu hapo Zakia hakuwa ametoka nje ya ua. Kukaa bila wanja wala manukato hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kuyafunika, upasuaji ukasogezwa hadi eda iishe, na vitabu vyote vya kabatini vikageuka misafara ya sisimizi. Bila kusoma, siku hazikwenda.

Mwanawe Feisal, aliyeko Dar es Salaam, aliahidi kumnunulia kifaa. "Mama, chagua leo," alisema asubuhi kwenye simu. "Rafiki yangu Laurence anasafiri kesho kuja huko, ndiye atakayekibeba. Akishaondoka, sijui nitampata nani mwingine."

Vya kujaribu vilikuwa viwili. Kishikwambi kililetwa na binti yake Bushra kutoka duka la simu la Bashiru, ambaye alikitia laini ya dukani ili vitabu vipakuliwe. Cha pili aliazima kwa Pudensiana, mwalimu mwenzake: kifaa cha rangi ya jivu, hakiingii laini, hakipigi picha, kazi yake ni vitabu tu.

Cha Pudensiana kilikuwa kitulivu machoni. Lakini vitabu vya Kiswahili alivyovitaka vilikuwa vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Ukikuza herufi, nusu ya mstari inatoka nje ya kioo, inabidi uivute kwa kidole. Kioo cha kishikwambi kilikuwa kipana, mistari ilienea. Zakia akakuza herufi zote humo hadi zikawa kama za ubaoni. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alisoma sura nzima, na alipofika mahali bwana harusi anamsahau bibi harusi stendi, akacheka kwa sauti.

"Wifi, unacheka na nani?"

Sikuzani, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshaingia na bakuli la uji. Ndiye aliyesema kuwa mjane mmoja wa mtaani aliimalizia eda kwenye simu. Maneno yalifika hadi kijijini Mwese kabla mjane mwenyewe hajayasikia. Na Bushra alikuwa hajaolewa. Watu wa posa huanza kwa kuuliza habari za mama.

"Nasoma, wifi."

"Unasoma! Na uso umewaka hivyo kama unaongea na mtu kwa video?"

"Chukua uone mwenyewe," Zakia akasema, akamnyooshea.

Sikuzani alikuwa ndiyo kwanza amekishika, kikalia. Ujumbe ukajaa kioo kwa herufi zile zile kubwa. Akausoma taratibu, sauti ikipanda: "Vipi mama, umeridhika? Jioni nakuja mwenyewe. Hiyo nimekufanyia wewe tu, usimwambie mtu."

Zakia akapima la kusema. Akijibu haraka, anajitetea. Akikawia, anatunga.

"Ni Bashiru wa duka la simu. Anafuata mali yake."

"Na usimwambie mtu?"

"Bei, wifi. Amenipunguzia."

"Mjane anapunguziwa!" Sikuzani akaweka bakuli chini. "Haya bwana."

Bushra akachungulia mlangoni. "Shangazi, mimi ndiye niliyekileta, Bashiru alitaka..."

"Wewe nyamaza. Nyie watoto mnajua nini?"

Zakia hakungoja zaidi. Alichukua simu yake, akampigia Feisal, akaweka spika wote wasikie.

"Feisal, shangazi yako yuko hapa anasikia. Ninunulie kile cha kusomea tu. Kisichoingia laini."

"Shikamoo shangazi. Lakini mama, si asubuhi umeniambia kile kinakutesa? Eti unakivuta vuta?"

"Hiyo ilikuwa asubuhi. Sasa nimechagua."

"Mama, ukishapewa hakirudishwi."

"Mwanangu, nimesema."

"Marahaba, baba," Sikuzani akaitikia, kana kwamba salamu ndiyo kwanza imefika. "Mfanyie mama yako anavyotaka."

Bushra alitumwa dukani hapo hapo na kishikwambi ndani ya mfuko mweusi, na maagizo kwamba Bashiru asisumbuke kuja. Sikuzani alikaa hadi uji ukaisha, akazungumzia mvua na bei ya mchele, hakulitaja tena jambo lile. Alipoinuka, alijifunga khanga vizuri, akasema, "Wifi, mimi sijaona kitu."

"Asante, wifi," Zakia akajibu, na papo hapo akajuta. Asante ya nini, kama hakukuwa na kitu cha kuonwa?

Alibaki peke yake. Akawasha kifaa cha Pudensiana, akatafuta ile hadithi, akakuza herufi. Kutoka nyumba ya pili alimsikia Sikuzani akipiga hodi, na mwenyeji akimkaribisha kwa furaha. Zakia akasoma nusu ya mstari, akauvuta kushoto aione nusu nyingine. Akasahau ya kwanza ilisemaje. Akaurudisha.